Mdogo wangu yuko kwenye methadoni na ameacha unga, lakini sasa anasikia watu wakimsema. Tuanzie wapi?

Dada wa Makorora, Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu, na msio Waislamu nawasalimu pia kwa heshima zote. Ninaandika kwa niaba ya nyumba nzima, kwa sababu tumefika mahali ambapo kila mtu ana dawa yake mdomoni na mgonjwa ni mmoja.

Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 31. Alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka mingi, kwanza kwa kuvuta, baadaye kwa kujidunga, na yale ambayo familia yenye teja hupitia sisi tumeyapitia yote, kwa hiyo sitayarudia hapa. Mwaka jana alikubali kuanza methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga. Kila asubuhi huenda kliniki, hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kisha hurudi nyumbani. Miezi ya mwanzo tulimshukuru Mungu: mashavu yalijaa, ugomvi ulipungua, na mama akaanza tena kuacha pochi yake juu ya kabati.

Tangu baada ya Idi mambo yamegeuka. Usiku halali. Dirisha la chumba chake amelifunika kwa kanga mbili, na anasema majirani wa upande wa pili wa barabara wanamzungumza na wakati mwingine humtaja redioni. Juzi nilimkuta ameketi juu ya mkeka, redio ya mama ameifungua kwa bisibisi na vipande vyake amevipanga kwa mstari, kuanzia skrubu hadi spika, anatafuta mahali linapotokea jina lake. Hakuwa na hasira. Aliniomba kwa upole kabisa nisikanyage. Mimi ninayemjua siamini kwamba amerudia unga.

Ni lazima niongeze kwamba alipokuwa kidato cha tatu, kabla hajaonja hata sigara, alipata kipindi kinachofanana na hiki. Alijifungia chumbani, akaacha shule kwa muda, tukamwandikia makombe, akatulia. Baada ya hapo ndipo bangi ilipoingia, kisha unga. Wakati mmoja aliniambia kwamba unga ulikuwa unazinyamazisha sauti, nami nikadhani ni visingizio vya teja.

Sasa mjomba anashikilia kwamba methadoni ndiyo iliyomchanganya, kwa hiyo aachishwe na apelekwe soba hausi, nyumba ya kuwaachisha watu dawa za kulevya. Shangazi anasema ni majini yaleyale ya zamani. Nami nakumbuka jinsi miaka ya nyuma tulivyompeleka katika zahanati moja tukaambiwa aache unga kwanza ndipo tuzungumzie akili, na nyumba moja ya soba ikatuambia aache vidonge vya akili kwanza ndipo apokewe. Akabaki katikati, hana mwenyewe.

Naomba mnijibu: je, methadoni inaweza kumfanya mtu awe hivi? Je, kliniki ya methadoni ndiyo mahali pa kupeleka habari hii, au ni idara nyingine? Na mjomba nimjibu nini?

Muuguzi wa Pwani, Bagamoyo

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kazi yangu ni uuguzi wa afya ya akili, na wengi ninaowahudumia wanatumia au wamewahi kutumia dawa za kulevya, kwa hiyo utanisamehe nikijibu kwa kirefu.

Jambo la kwanza, na ningeomba mjomba asomewe maneno haya kabla ya mengine yote: msimwachishe methadoni. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Hapa nchini ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha ikafika mikoani, Tanga na Bagamoyo zikiwemo. Kazi yake ni kushika mahali palepale ambapo heroini ilikuwa inashika kwenye ubongo, lakini kwa utulivu na kwa muda mrefu, ili mtu asipate arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, na asishinde akihangaikia kete ya unga. Si dawa inayojulikana kwa kumfanya mtu asikie jina lake redioni. Kinyume chake, dawa za jamii hii, heroini ikiwa mojawapo, huweza kutuliza dalili za namna hiyo kwa baadhi ya watu, na ndiyo maana kauli ya mdogo wako kwamba unga ulikuwa unazinyamazisha sauti si ya kupuuzwa hata kidogo. Ningependa daktari aisikie kama ulivyoiandika.

Kukosa usingizi peke yake kunaweza kutokana na dozi isiyotosha. Anayepungukiwa na methadoni huamka alfajiri akitoka jasho, akipiga miayo, pua na macho yakichuruzika, viungo vikimuuma, na hupata nafuu saa chache baada ya kunywa. Mwangalieni kwa hayo. Kama anakesha bila dalili hizo, yuko macho kwa hofu tu, basi kuongezewa dozi hakutatosha.

Yako mambo kadhaa yanayoweza kuleta hali unayoieleza, na mjomba na shangazi hawajayataja yote. Huenda ugonjwa wa zamani, ule wa kidato cha tatu, umerudi. Huenda kuna kitu kingine anachotumia: bangi, mirungi na pombe kila kimoja kwa njia yake huweza kuleta dhana za kuandamwa na watu. Na huenda ni mwili. Wagonjwa wetu wengi wamewahi kupigwa kichwani na wananchi wenye hasira kwa sababu ya simu au ndoo iliyopotea, na jeraha lililokauka nje linaweza kuacha athari ndani. VVU, kaswende na kifua kikuu kilichofika kwenye utando wa ubongo huweza pia kubadili akili ya mtu. Kwa hiyo kabla ya jina la jini au jina la ugonjwa wa akili, apimwe damu na achunguzwe kichwa.

Kipo kipindi kimoja ninachokitafuta daima katika historia ya mgonjwa wa aina hii, nacho ni wakati wowote ambapo mwili wake haukuwa na kitu. Aliwahi kukaa rumande, au kijijini kwa bibi, au amelazwa, bila unga wala bangi kwa wiki kadhaa? Wakati huo alikuwaje? Jibu la swali hili hutusaidia kuliko vipimo vingi, na mara nyingi mwenye jibu ni ndugu kama wewe, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hakumbuki au anaona haya.

Kuhusu ile kauli ya kwamba aache unga kwanza: ninajua ilikotoka, lakini haimsaidii mgonjwa. Katika sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni kweli kwamba tukiweza tunangoja kama mwezi mmoja tangu mtu aache, au tangu atulie kwenye methadoni, kabla ya kuamua kwamba ana ugonjwa unaojitegemea, kwa sababu arosto yenyewe huleta huzuni, hamaki na usiku usio na usingizi. Kungoja huko ni kumwona kila wiki na kumuuliza hali yake, pamoja na lile swali ambalo watu wanaliogopa, kama amefikiria kujidhuru. Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Lakini anayesikia sauti na kujifungia gizani hangojewi mwezi, anatibiwa sasa huku methadoni ikiendelea. Mtu akitibiwa uraibu peke yake huku sauti zimeachwa, atarudi kwa kile anachojua kinazituliza. Na akitibiwa sauti peke yake huku ana arosto, hatakaa foleni hata amwone daktari.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kliniki ileile anakokunywa dawa. Wao ndio wanaomwona kila siku, na dawa yoyote ya akili atakayoandikiwa lazima ipitie machoni pao. Zipo dawa za akili, haloperidoli na klopromazini kwa mfano, ambazo pamoja na methadoni huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo daktari anaweza kuanza kwa dozi ndogo au kuagiza kipimo cha umeme wa moyo. Kabamazepini, ambayo hutolewa kwa kifafa na kwa baadhi ya magonjwa ya akili, huiharakisha methadoni itoke mwilini, mtu akapata arosto ilhali amekunywa dozi kamili. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Nimeshuhudia mgonjwa akishutumiwa kwamba amerudi kijiweni, kumbe ni vidonge vipya alivyoandikiwa upande mwingine wa hospitali na hakuna aliyewaambia wa kliniki.

Kijana wa Sahare, Tanga

Dada, shikamoo. Mimi ni mnywaji wa methadoni, na yaliyosemwa na muuguzi hapo juu nayaunga mkono. Ninataka kueleza kwa nini mdogo wako huenda hajawaambia kitu wahudumu, ingawa anaonana nao kila asubuhi ya Mungu.

Huku kwetu kijiweni kuna ngazi. Teja anadharauliwa na mtaa, lakini chizi anadharauliwa na mateja. Mtu akianza kuongea peke yake, wenzake humpora kete yake na kumcheka, kwa hiyo unajifunza mapema kuficha. Ukishaingia kwenye methadoni unaongeza hofu nyingine, kwamba ukisema umelala vibaya au unasikia mambo, watadhani umetumia kitu na watakupunguzia dozi. Dirishani unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, unakunywa, unaonyesha kwamba umemeza, unaondoka. Na nyuma yako kuna foleni. Si mahali pa kusema kwamba ukuta unakuita.

Kwangu mimi haikuwa sauti, ilikuwa huzuni. Watu hawaelewi kwamba unga ni kazi ya kutwa. Unaamka na arosto, unatafuta hela, unamtafuta muuzaji, unatafuta pa kujificha, ukimaliza jua limezama na kesho unaanza upya. Hakuna nafasi ya kufikiri. Methadoni inanywewa kwa dakika moja, na saa mbili asubuhi umeshamaliza kila kitu ulichokuwa unafanya kwa siku nzima. Ndipo yanapokuja: marafiki waliokufa, mtoto anayemwita mwanamume mwingine baba, cherehani ya mama niliyoiuza. Nilikaa ufukweni kila siku nikitazama ngalawa, na ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu njia za kujimaliza.

Aliyenisaidia ni ofisa ustawi wa jamii wa kike ambaye siku moja hakuniuliza kama nimetumia. Aliniuliza ninafanya nini kuanzia saa tatu hadi magharibi. Nilishindwa kumjibu, nikalia. Baada ya hapo alinipeleka kwa daktari, nikapewa dawa za sonona, nikawa ninakaa naye kila wiki, na kazi ya kutengeneza baiskeli nikaipata kupitia mwenzangu wa kliniki. Dawa ilinipa usingizi, lakini baiskeli ndizo zilizonipa mchana.

Mwambieni mdogo wenu kwamba wapo wengi humo kwenye foleni. Ikiwezekana, kliniki iwape waelimishaji rika wake habari hii, wale waliowahi kutumia, kwa sababu mwenzetu tunamwambia mambo ambayo koti jeupe hatuliambii.

Mlezi wa Soba, Bagamoyo

Ndugu zangu, naomba na upande wetu usikilizwe, maana soba hausi imetajwa hapa kama mlango uliofungwa.

Nyumba nyingi za soba zilianzishwa na watu waliokuwa watumiaji, na msingi wake ni kuishi bila kilevi cha aina yoyote. Mimi mwenyewe nilitoka hivyo, kwa kugaagaa sakafuni na kumwagiwa maji ya baridi, na namshukuru Mungu. Kwa mtazamo huo methadoni ni kuhamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Sitegemei kila mtu akubaliane nami.

Lakini kuhusu kumkataa mwenye vidonge vya akili, msituhukumu haraka. Katika nyumba yenye vijana 30 wanaolala kwenye vitanda vya ghorofa, wengi wao wakiwa katika wiki ya kwanza ya arosto, mlezi wa zamu ni mmoja na hana cheti cha uuguzi. Akiingia mtu anayeamini kwamba wenzake wanapanga kumuua, usiku huo hakuna atakayelala, na atakayeumia anaweza kuwa yeye mwenyewe au jirani yake. Kumkataa mgonjwa tusiye na uwezo naye naona ni heri kuliko kupokea ada ya familia na kumfungia chumbani. Kinachotukosesha usingizi ni kwamba tukimwambia ndugu ampeleke hospitali, anarudi jioni na mtu wake yuleyule na karatasi ya vidonge, na hakuna aliyetufundisha namna ya kumpa. Serikali inazisimamia nyumba hizi kupitia Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na mimi ningefurahi zaidi kuletewa muuguzi wa akili hata mara moja kwa wiki kuliko kuletewa mkaguzi.

Muuguzi wa Pwani, Bagamoyo

Kaka yangu mlezi, kuhusu wiki ya kwanza na mlezi mmoja wa zamu nakubaliana nawe moja kwa moja, na hilo la muuguzi wa kila wiki ningelitia sahihi leo.

Kuhusu methadoni tutatofautiana, na tofauti hii si ya maneno tu. Mtu aliyeachishwa methadoni ghafla, au aliyekaa soba miezi kadhaa bila kitu, mwili wake umesahau kiwango alichokuwa anakihimili. Akirudia kiasi kilekile cha zamani, pumzi hukata. Kwa mtu anayesikia sauti na ambaye anakumbuka kwamba unga ulizinyamazisha, uwezekano wa kurudia ni mkubwa mno. Ndiyo maana sentensi yangu ya kwanza ilikuwa kwa mjomba. Kijana huyu si wa kupelekwa soba kwa sasa. Baadaye, akitulia, wakikubali kumpokea na dawa zake, hilo litazungumzika.

Nawe mdogo wangu wa Sahare, umesema vizuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Dada wa Makorora, Tanga

Nimesoma yote, na mengine nimemsomea mama. Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimefuatilia maswali ya muuguzi. Rumande alikaa, tena kwa muda mrefu, kabla ya kuanza methadoni. Nilimuuliza rafiki yake waliyekuwa naye huko, akasema arosto ilipoisha ndipo alipoanza kuziba masikio kwa vipande vya blanketi na kukataa chakula kilichopikwa na wenzake. Alipotoka alirudia unga, na sisi tukaona ametulia. Hatukuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Jingine limejitokeza, na hili linanitia hofu zaidi. Nilipokuwa nafagia chumba chake nilikuta chini ya godoro majani ya mirungi yaliyofungwa kwa jani la mgomba, pamoja na pakiti ya Valium, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, iliyobaki robo. Nilimuuliza bila kelele. Alisema mirungi anatafuna jioni ili aweze kukaa macho na kuwasikiliza vizuri wanaomsema, na vidonge anameza alfajiri ili alale kidogo kabla ya kwenda kliniki. Alinisihi nisiwaambie wa kliniki, kwa sababu wakijua watamfutia dawa. Mama anataka tuvichome vyote leo jikoni. Nami sijui kama nikisema nitakuwa nimemsaliti.

Na jambo moja zaidi: shangazi ameshapata nauli ya kumpeleka hospitali ya akili ya Lutindi, na wengine wanataja ile ya Mirembe, Dodoma. Je, huko si ndiko kwenye wataalamu?

Mama Ustawi, Tanga

Mwanangu, mimi ni ofisa ustawi wa jamii, na ningependa tuanze na hilo la usaliti kwa kuwa ndilo litakalokukwamisha mlangoni.

Usiende kliniki peke yako kumsemea. Mwambie mdogo wako leo, akiwa ametulia, kwamba mtakwenda pamoja, kwamba yeye ndiye atakayeingia kwanza, na kwamba wewe utaongezea yale tu ambayo mmekubaliana. Hilo la vidonge mwambie wazi kwamba lazima lisemwe, kwa sababu methadoni na Valium zote mbili hupunguza pumzi, na zikikutana katika usingizi mzito mtu anaweza asiamke. Naelewa anaogopa kufutiwa dawa. Wanaweza kuichelewesha dozi ya siku hiyo akifika kliniki akiwa amelewa vidonge, na hilo ni kwa usalama wake, lakini kumfuta mgonjwa kwa sababu amesema ukweli si tiba. Ombeni chumba cha faragha, msiongelee dirishani. Ulizeni kuna mtaalamu wa afya ya akili siku gani, na kama hayupo siku hiyo, msiondoke bila kujua mtaonana naye lini.

Andika historia yake kwenye karatasi moja kabla ya kwenda: kidato cha tatu, bangi, unga, rumande, methadoni, Idi, mirungi, Valium. Kwa mpangilio huo. Daktari mwenye foleni ndefu atasoma karatasi upesi kuliko atakavyosikiliza familia yenye mabishano. Mjomba aje kama anaweza kukaa kimya.

Kuhusu Lutindi, nimewahi kufika. Ni hospitali ya Kilutheri kule milimani Korogwe, imewahudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904, na ninaiheshimu. Tatizo ni kwamba mdogo wako amefungwa na dozi ya kila siku. Mkimpandisha kwenye gari bila mpango, kesho yake jioni ataanza arosto juu ya sauti, mlimani, kwa watu wasiojua anakunywa miligramu ngapi. Rufaa ya kwenda mbali iandikwe na kliniki yenyewe, ambayo itawasiliana na huko aendako kuhusu dozi yake itakavyopatikana. Kwa upande wa Dodoma hilo ni rahisi kidogo, kwa sababu Mirembe ina huduma ya methadoni pale Itega. Lakini wengi wa aina yake hutulia hapahapa mjini bila kulazwa, ikiwa dawa ya akili inatolewa pamoja na ile ya asubuhi na mtu anamshuhudia akimeza. Hii ni faida ya methadoni ambayo watu hawaioni: mgonjwa wa akili wa kawaida tunaonana naye mara moja kwa mwezi, huyu wako anakuja mwenyewe kila siku.

Shangazi msimgombeze. Kisomo hakizuiwi, na mara nyingi humtuliza mama kuliko mgonjwa. Kinachokatazwa ni kumfunga kamba, kumnywesha kitu kisichojulikana, au kumwambia asimeze dawa hadi siku saba zitimie. Mkubalianeni kwamba kisomo kitafanyika nyumbani, jioni, na kliniki itabaki palepale asubuhi.

Na wewe dada mtu pia upumzike. Mama akae naye mchana mmoja, uende kwa shoga yako. Nyumba nyingi nilizozihudumia, anayeanguka wa pili ni yule aliyekuwa anakesha.

Muuguzi wa Pwani, Bagamoyo

Naongeza mawili ya haraka kuhusu pakiti ile, maana mama ameshawasha jiko.

Msiichome leo. Aliyezoea Valium kila siku akinyimwa ghafla anaweza kupata degedege, na hofu yake itazidi badala ya kupungua. Chukueni pakiti kwa ridhaa yake, ikae kwenu, ipelekwe kliniki kama ilivyo ili daktari aone ni ya miligramu ngapi na apange namna ya kumpunguzia. Mirungi ndiyo inayoweza kuachwa mara moja. Atakuwa mchovu, atalala sana siku mbili tatu na huenda akawa na huzuni, lakini mwili haudhuriki kwa kuiacha, na huenda baadhi ya sauti zikapungua kabla hata hajapewa kidonge cha kwanza.

Lakini msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali usiku uleule, endapo atasema sauti zinamwamuru afanye jambo, akizungumzia kufa, akikataa maji, akipata homa pamoja na shingo ngumu, au mkimkuta amelala anakoroma kwa namna ya kukwama, midomo imebadilika rangi na haamki mkimtikisa. Hilo la mwisho mlazeni ubavu, msimwache peke yake hata kwa kwenda kutafuta bajaji; mmoja akae, mwingine aende.

Dada wa Makorora, Tanga

Pakiti ninayo mimi, ameikabidhi mwenyewe. Mama amezima jiko. Kesho saa moja tunatoka pamoja, karatasi nimeiandika na yeye ameongeza mistari miwili kwa mkono wake ambayo sikuwa naijua. Mjomba amekubali kuja, ila kwa sharti kwamba na yeye aruhusiwe kuuliza swali moja.